UZI: Heliothis, Helicoverpa, Chloridea: nani ndugu wa nani, na kwa nini majina yamebadilika

Bawa Kavu

Wakuu, tuliweke hili suala sehemu moja lieleweke. Ukipekua maandishi ya nondo waharibifu wa mazao utamkuta mdudu yuleyule kwa majina matatu: Helicoverpa armigera, Heliothis armigera, na kwenye machapisho ya zamani sana hata Chloridea obsoleta. Yule funza wa tumbaku wa Amerika leo anaitwa Chloridea virescens, lakini kazi nyingi bado zinamwita Heliothis virescens. Wasomaji wengi wanaishia kuamini kwamba wataalamu wanabadilisha majina kwa kupenda tu.

Ninachotaka tujadili ni ushahidi. Ni kitu gani kwenye mwili au kwenye DNA kinachosema hawa ni jenasi tatu na si moja? Na mtu mwenye kielelezo mkononi anaanzia wapi?

---

Mti wa Nasaba

Uzi mzuri, mkuu. Tuanzie juu ndipo tushuke.

Wote hao ni wa familia Noctuidae, nusufamilia Heliothinae, yenye spishi kama 365 duniani. Jina kongwe kati ya hayo matatu ni Heliothis, la Ochsenheimer, 1816. Kwa muda mrefu jina hilo lilibeba karibu kila nondo mnene wa rangi ya majani makavu ambaye kiwavi wake hutoboa maua, vitumba na matunda. Mwaka 1965 David Hardwick wa Kanada alichapisha kazi kubwa juu ya kundi la funza wa mahindi, akawatoa armigera, zea, punctigera, assulta na jamaa zao na kuwaundia jenasi mpya, Helicoverpa. Mwaka 2013 Michael Pogue akamtoa virescens na ndugu zake akiwemo subflexa, akawarudishia jina Chloridea. Hakulibuni yeye. Ni la Duncan na Westwood, 1841, na lilikuwa limekaa miaka mingi likihesabiwa kisawe cha Heliothis.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni spishi kielelezo. Jina la jenasi limefungwa kwa spishi moja, na popote spishi hiyo inapokwenda, jina linaifuata. Kwa Heliothis spishi hiyo ni dipsacea ya Linnaeus, ambayo leo tunaihesabu kuwa kisawe cha viriplaca ya Hufnagel, nondo wa Ulaya na Asia. Kwa hiyo kuuliza kama armigera "anafanana na Heliothis" hakutufikishi popote. Tunachopaswa kuuliza ni hiki: tukichukua mzazi wa pamoja wa viriplaca na armigera, ni wazao gani wengine tunalazimika kuwajumuisha? Ukiwajumuisha wote, una kundi kamili, yaani monofiletiki. Ukiacha tawi moja nje kwa sababu tu limeshapewa jina lake, kundi linalobaki ni pungufu, parafiletiki, na jina lake halisemi tena ukweli kuhusu ukoo.

Hapo ndipo Heliothis ya zamani ilipokwama. Helicoverpa ilipotolewa, waliobaki ndani hawakuwa familia moja iliyofungana. Walikuwa "wote ambao si Helicoverpa". Data za jeni zilipokuja, kundi la virescens halikukaa pamoja na viriplaca.

---

Hadubini Mezani

Niongezee upande wa maumbile, maana huko ndiko Hardwick alikoegemea na ndiko makosa mengi yanakofanyika.

Rangi ya bawa iwekeni pembeni. Kwa armigera na zea bawa la mbele hubadilika kutoka manjano hadi kahawia iliyoiva ndani ya spishi moja, na hakuna alama ya bawa inayowatenganisha kwa uhakika. Virescens ndiye rahisi, kwa ile mistari mitatu ya mshazari juu ya bawa lenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Wengine wote utalazimika kufungua tumbo la dume.

Kabla hujakata chochote, andika namba ya kielelezo kwenye kikaratasi cha kuingia ndani ya chupa pamoja na tumbo. Tumbo likichanganyika na la mwingine hakuna njia ya kurudi nyuma. Likate kwa mkasi mdogo, liloweke kwenye potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 usiku mzima kwa joto la kawaida, au liweke kwenye neli iliyosimamishwa ndani ya maji ya moto kwa dakika 10 hadi 15. Usipashe neli moja kwa moja kwenye moto, itaruka na kumwaga dawa inayounguza ngozi na macho. Ukilisahau humo muda mrefu, utando wote unakuwa laini na angavu, na kila utakachokigusa kitachanika.

Suuza kwa maji, sugua magamba kwa brashi laini, kisha vuta viungo vya uzazi kwa kibano. Uume utenganishe na valva, zile koleo mbili za pembeni. Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka, nayo ni kuitoa vesika, kile kifuko cha utando kilichokunjwa ndani ya uume. Chukua sindano ya insulini, iingize upande wa nyuma pale mrija wa mbegu unapoingilia, na usukume alkoholi ya asilimia 95 taratibu. Vesika itatoka ikijisokota, na alkoholi itaikaza ibaki hivyo. Ukisukuma kwa nguvu inapasuka kwenye kona ya kwanza. Ukisukuma kidogo mno inabaki imejikunja katikati, na hapo ndipo unapohesabu vibaya.

Unachohesabu ni hiki: kwenye shina la vesika, zea ana vifundo vitatu, armigera ana kimoja. Na vijimwiba vilivyopangana ndani ya vesika, yaani konuti, kwa zea ni vingi kuliko kwa armigera. Vesika isiyotolewa inaficha vifundo viwili kirahisi kabisa, na zea anaandikwa armigera. Ukiona ripoti ya "spishi mpya imeingia" isiyo na picha ya vesika iliyotolewa yote wala data ya DNA, isubirishe kwanza.

---

Bawa Kavu

Asante mkuu, hii imekaa vizuri. Na mtu mwenye kiwavi tu, bila nondo mzima? Mara nyingi kinachopatikana shambani au kwenye mzigo bandarini ni kiwavi.

---

Dada Pupa

Kiwavi anasema mengi kuliko watu wanavyodhani, ila awe mkubwa. Wale wa hatua mbili za kwanza waachie maabara ya DNA.

Kwanza hakikisha ni Heliothinae. Weka ngozi ya tumbo chini ya hadubini ya kukuza kama mara 40. Utaona imejaa vimiba vidogo sana vilivyosimama, tofauti na viwavi wa Spodoptera (jenasi nyingine ya Noctuidae) ambao hawana vimiba hivyo. Halafu angalia pingili ya kwanza ya kidari, zile nywele mbili zilizo mbele ya tundu la hewa. Kwa Heliothinae mashina yake yamekaa karibu mlalo, moja nyuma ya nyingine, na ukipitisha mstari kwenye mashina hayo mawili unaelekea kwenye tundu la hewa lenyewe. Kwenye makundi mengi mengine ya Noctuidae mstari huo umeinama au umesimama.

Sasa Chloridea au Helicoverpa? Nenda pingili ya 1, ya 2 na ya 8 ya tumbo, kwenye vinundu vya juu mgongoni vinavyobeba nywele. Kwa virescens na subflexa, vile vimiba vya ngozi vinapanda hadi juu ya vinundu vyenyewe. Kwa zea vinundu hivyo ni vitupu, vimiba vinaishia chini yake. Kisha ng'oa taya moja utazame upande wa ndani: virescens ana jino la ziada lililojitokeza katikati ya uso wa ndani, zea hana. Jino hilo husagika kiwavi akishatafuna sana, kwa hiyo ukilikuta ni kovu tu, usihukumu kwa taya peke yake. Rudi kwenye vinundu.

Rangi ya kiwavi nayo haina msaada. Ndani ya spishi moja wapo wa kijani, wa waridi, wa kahawia na weusi.

Nielezee pia kwa nini sifa hizi zina uzito kwenye suala la jenasi. Taya na vinundu ni viungo vya kiwavi, vesika ni kiungo cha nondo mzima. Sifa hizi hazifanyi kazi moja katika maisha ya mdudu, kwa hiyo zikionyesha mgawanyo uleule ni vigumu kusema zimelingana kwa bahati.

---

Jenasi Moja

Nawaheshimu wote hapo juu, lakini nina pingamizi la msingi. Mti wa Nasaba amesema shida ni kundi pungufu. Sawa. Lakini kundi pungufu linarekebishwa kwa njia mbili. Unaweza kukata matawi zaidi, au unaweza kuwarudisha Helicoverpa ndani ya Heliothis ukapata jenasi moja kubwa iliyo kamili. Mti ni uleule na ukweli wa ukoo ni uleule. Tofauti ni kwamba njia ya pili ingeacha maelfu ya machapisho ya virescens yakisomeka kama yalivyo. Huyu ni mdudu aliyetumika sana kwenye utafiti wa harufu, wa ubongo wa wadudu na wa usugu wa viuatilifu. Kumbadilishia jenasi mwaka 2013 kumewagharimu watu wengi ambao hawana habari na vesika.

Mti unatuambia nani ni ndugu wa nani. Hautuambii mpaka wa jenasi uchorwe kwenye kimo gani.

---

Mti wa Nasaba

Hoja yako nzito, na sehemu ya mwisho nakubaliana nayo moja kwa moja: kimo cha jenasi ni uamuzi wa watu. Lakini uamuzi huo una vigezo.

Cha kwanza ni uthabiti. Mwaka 2013 Helicoverpa ilikuwa na karibu nusu karne ya matumizi, na armigera na zea wameandikwa kwa jina hilo kwenye sheria za karantini na kwenye lebo za viuatilifu nchi nyingi. Kuwarudisha Heliothis kungevuruga majina mengi zaidi kuliko kumhamisha virescens na jamaa zake wachache.

Cha pili ni uwezo wa kulielezea kundi. Helicoverpa ina spishi kama 20 na ina sifa zake. Chloridea ina sifa zake. Jenasi moja kubwa ingelazimika kubeba pia Heliothis halisi na matawi mengine ya karibu, na sifa pekee ambazo zingebaki kuieleza ni zile ambazo zinaielezea sehemu kubwa ya nusufamilia. Jina pana kiasi hicho halimsaidii anayetambua kiwavi.

Na cha tatu, kazi ya Pogue ilisimama juu ya maumbile pamoja na jeni tatu. Ingekuwa jeni moja tu ya mitokondria, ningekuunga mkono tusubiri.

---

Jenasi Moja

Cha pili nakipokea. Kwenye cha kwanza bado naona gharama kwa virescens ilichukuliwa kirahisi, ila nimekusoma.

---

Vinasaba Safi

Kwa kuwa jeni zimetajwa, nieleze zinazotumika na zinapodanganya.

Kazi kubwa ya mwaka 2008 juu ya nusufamilia hii ilitumia jeni tatu: EF-1α na DDC za kwenye kiini cha seli, pamoja na kipande cha COI cha mitokondria. Hazibadiliki kwa kasi moja. EF-1α ni ya polepole, hivyo inafaa matawi ya zamani. DDC ina kasi zaidi. COI ina kasi kuliko zote, inatenganisha spishi zilizo karibu, lakini kwenye matawi ya chini nafasi ya tatu ya kila kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) imeshabadilika na kurudi mara nyingi kiasi kwamba kelele inafunika ishara. Ukitaka kujua jenasi zinavyohusiana, COI peke yake haitoshi.

Kwa anayeanza na mguu mmoja wa nondo mkavu, kipande cha kawaida ni cha besi (herufi za DNA) 658 kwa praima LepF1 na LepR1, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili. Ukishapata mfuatano, utafsiri kuwa protini kabla hujafanya kingine chochote, na uchague jedwali la kodoni namba 5, la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukiacha jedwali la kawaida, TGA itasomwa kama kituo (ishara ya mwisho wa protini) na utadhani umepata jeni bandia, yaani nakala isiyofanya kazi, kumbe kwa mitokondria ya wadudu TGA ni triptofani. Kinyume chake pia hutokea: vituo vikibaki hata kwa jedwali 5, au besi moja imezidi au kupungua katikati, basi huenda umenakili kipande cha mitokondria kilichohamia kwenye kiini zamani. Kitupe, usikipeleke kwenye mti.

Kwenye kujenga mti, gawa data kwa jeni na kwa nafasi ya kodoni, na kila kundi lichaguliwe modeli yake. Ukitumia programu ya IQ-TREE na ile butistrapu (kipimo cha uimara wa tawi) ya haraka, usisome 80 kama ungesoma 80 ya butistrapu ya kawaida. Kwa ile ya haraka, tawi la kuamini huanzia 95. Nimeona mabishano marefu ya jenasi yaliyojengwa juu ya tawi la 78. Na mzizi usiuweke kwa Pyrrhia, kwa sababu Pyrrhia mwenyewe ni Heliothinae. Toka nje, chukua Spodoptera na wengine wawili au watatu wa nusufamilia tofauti.

---

Bawa Kavu

Swali linalofuata haliepukiki. Inasemekana armigera na zea wanazaana. Kama ni hivyo, kwa nini tunasema spishi mbili?

---

Vinasaba Safi

Wanazaana kweli, na chotara wao wana rutuba. Makadirio ya mitokondria yanaweka kuachana kwao kama miaka milioni 1.5 iliyopita, pengine kwa wadudu wachache wa ukoo wa armigera waliofika Amerika. Tangu hapo walitenganishwa na bahari hadi armigera alipotambuliwa Brazil mwaka 2013. Baada ya hapo utafiti wa jenomu nzima umekuta chotara huko.

Kinachoonekana kwenye jenomu ndicho kinachojibu swali lako. Spishi hizi mbili hazijayeyuka kuwa moja. Sehemu kubwa ya jenomu bado inatambulika ni ya nani, ila vipande fulani vimevuka. Kipande kinachoeleweka vizuri zaidi kina jeni CYP337B3, iliyotokea pale jeni mbili za jirani, B1 na B2, zilipoungana kwa makosa wakati wa kubadilishana kromosomu. Inampa mdudu uwezo wa kuvunja viuatilifu vya pairethroidi. Imetoka kwa armigera ikaingia kwa zea wa Brazil, na uteuzi wa viuatilifu ukaisambaza.

Kwa vitendo: COI hurithiwa kwa mama peke yake. Chotara mwenye mama zea atasomeka zea asilimia mia. Mahali ambapo spishi zote mbili zipo, ongeza kipimo cha DNA ya kiini, kwa mfano ITS1, au usitamke neno "safi".

---

Hadubini Mezani

Nakazia hapo. Kwa chotara hata vesika huweza kuwa ya katikati, kwa hiyo maumbile nayo yana mpaka wake.

Uzazi pia haupimi umbali kwa mstari ulionyooka. Jike wa armigera akipandwa na dume wa assulta, wanapatikana madume wenye rutuba na wadudu wasio na jinsia timilifu, majike wa kawaida hawapo. Geuza wazazi, jike assulta na dume armigera, na jinsia zote mbili zinatoka sawa. Upande wa Chloridea, jike subflexa kwa dume virescens huleta majike wenye rutuba na madume tasa, na utasa huo unaendelea kizazi hata kizazi ukiwarudisha majike hao kwa madume virescens. Anayetaka kutumia "wanazaana au hawazaani" kuamua mpaka, aeleze kwanza anazungumzia upande upi.

---

Dada Pupa

Na mitego ya feromoni (harufu ya jike ya kumvuta dume) isitumike kutambua spishi, kwa sababu hiyohiyo ya udugu. Armigera na zea wote hutumia Z11-hexadesenali kama kiungo kikuu na Z9 kidogo pembeni. Kwa armigera uwiano ni kama 97 kwa 3. Chambo cha mmoja humvuta mwingine. Assulta, ambaye ni Helicoverpa vilevile, amegeuza uwiano, Z9 ndiyo kuu. Virescens naye ana Z11 hiyohiyo kama msingi, akaongeza Z9-tetradesenali.

Mti unatusaidia pia kwenye ulaji. Assulta anakula jamii ya nyanya na tumbaku, subflexa anakula jenasi Physalis (mimea ndugu wa nyanya), wakati armigera, zea na virescens wanakula karibu kila kitu. Ukihesabu mabadiliko machache iwezekanavyo kwenye mti, inaonekana ulaji mpana ulizuka mara nyingi kwa nyakati tofauti. Lakini ukizingatia kwamba waharibifu wakubwa wote wamo kwenye tawi moja la Heliothis na jamaa zake, kuna usomaji mwingine: uwezo huo ni wa mababu, na wanaochagua chakula ndio walioupoteza. Mimi nauona huu wa pili una nguvu zaidi, maana wanaokula kila kitu wanafanana pia kwa mayai mengi na kuhama mbali.

---

Kabatini

Nimalizie na majina, kwa wanaopanga vielelezo au kutafuta machapisho.

Andika Helicoverpa armigera (Hübner), Helicoverpa zea (Boddie, 1850), Chloridea virescens (Fabricius, 1777). Mabano ni lazima, kwa sababu walioelezea spishi hizo hawakuziweka kwenye jenasi zilipo leo. Ukiyaondoa umesema uongo juu ya historia ya jina.

Ukitafuta maandishi ya zamani, tumia Heliothis na Chloridea pamoja na armigera na obsoleta, yote manne. Na muhimu kuliko yote: kazi nyingi za Amerika za kabla ya 1955 zilizoandikwa "Heliothis armigera" zinamzungumzia zea. Ni mtaalamu wa wadudu Todd, mwaka huo, aliyeweka wazi kwamba mdudu wa huko ni mwingine. Ukichukua ramani ya mtawanyiko ukaijaza kwa rekodi hizo bila kuangalia mwaka, utamweka armigera Amerika Kaskazini miongo mingi kabla ya wakati wake.

Kwenye sanduku, lebo ya zamani usiitoe hata kama jina limepitwa. Ongeza lebo mpya chini yake yenye jina la sasa, aliyetambua, mwaka, na alichotumia: "vesika", "taya la kiwavi" au "COI". Anayekuja baadaye akijua ulitumia nini, atajua pia ni kielelezo kipi cha kufungua upya.